Jirani ndiye ukoo: mchezo wa redio wa Bujumbura

Wengi wanaoandika historia ya vita vya Burundi huanza na kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, wakaishia Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000. Mimi naongeza mchezo wa redio. Mwaka 1997, mitaa ya Bujumbura ikiwa imegawanyika kikabila, Studio Ijambo ilianza kutoa tamthilia ya Kirundi, Umubanyi Niwe Muryango, iliyotungwa na Marie-Louise Sibazuri. Inahusu familia mbili jirani, moja ya Kihutu, nyingine ya Kitutsi.

Maana ya jina hilo ni kwamba jirani ndiye ukoo. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tulisikilize vizuri: umuryango wa Kirundi ni jamaa, tena ni mlango wa nyumba, na katika Kiswahili cha pwani, mlango huweza pia kuwa tawi la ukoo. Kwa hiyo naona Sibazuri hakuwataka wasikilizaji waukane Uhutu au Ututsi wao. Aliwauliza jambo gumu zaidi: aliye wako ni wa damu, au wa mlango wa pili? Miaka ile, aliyemficha jirani yake aliweza kuuawa pamoja naye.