Ndururu Juu ya Sindano: Nani Aliyeziua Santuri za Bungoma?

Wengi waliowahi kumiliki rekodi pleya pande za Bungoma na Kitale wanaikumbuka dawa ya santuri inayorukaruka: ndururu. Sarafu hiyo ya senti 5 ilibandikwa juu ya kichwa cha mkono wa pleya, sindano ikazama kwenye mfereji, wimbo ukaendelea na wageni wakacheza. Hakuna aliyejua kwamba santuri ilikuwa inachongwa.

Lawama zote hutupiwa vumbi na watoto. Mimi naona mkosaji mkuu ni sindano iliyooanishwa na mkono usioifaa.

Mwanzoni jambo hili halikuwa na uzito. Reli ya kwenda Uganda na tawi lake la Kitale zilifika miaka ya 1920, na walowezi wa Trans Nzoia walikuja na gramafoni za kuzungusha kwa mkono. Muziki wake ulivuka ua wa mzungu upesi. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alirekodi kwa Wakipsigis wimbo "Chemirocha", unaomhusu Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933 na ambaye wao walimjua kwa sahani za santuri tu. Sindano ya gramafoni ilikuwa ya chuma, imekandamizwa kwa zaidi ya gramu 100, na ilitupwa kila baada ya upande mmoja. Sahani za spidi 78 zilikuwa ngumu, zimechanganywa na unga wa mawe, hivyo sahani ndiyo iliyoila sindano.

Plastiki ikageuza mambo. Santuri ndogo ya spidi 45 ilitoka Marekani mwaka 1949 ikiwa laini, na mfereji wake ni mwembamba. Ncha ya sindano ya 78 ina nusu kipenyo cha karibu mikroni 75, ya santuri mpya 25 au chini ya hapo. Pleya nyingi ziliuzwa na katriji, yaani kifaa kinachoshika sindano, yenye sindano mbili na kijiti cha kugeuza: huku "78", huku "LP". Akisahau mtu kukigeuza, ncha nene hupanda kingo za mfereji na kuzikwangua.

Na santuri zilikuwa tele. Nairobi ilipata kiwanda cha kuzichapa mwaka 1952, Chandarana wa Kericho akarekodi wanamuziki wa magharibi, naye mwimbaji Daudi Kabaka akavuma na wimbo "Helule Helule" hadi The Tremeloes wa Uingereza wakaurudia mwaka 1968. Miaka ya 1970 mishahara ya kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, Webuye, na ya kile cha sukari cha Nzoia Sugar, kilichoanzishwa 1975, ilimwezesha kibarua kununua pleya yake. Umeme ulikuwa wa wachache, kwa hiyo zile za betri zilipendwa. Katriji zake zilikuwa za bei nafuu, zikikandamiza kwa gramu 5 au zaidi. Ongeza ndururu, yenye gramu nyingine 5 na ushei, na mzigo unakaribia mara mbili.

Ukiinamisha santuri ya enzi hiyo kwenye mwanga wa dirisha, utaona weusi wake umegeuka kijivu pale palipo na sauti kubwa. Kinachoondoka kwanza ni sauti nyembamba, kwa kuwa michoro yake ndiyo midogo zaidi. Mtindo wa gitaa wa omutibo wa George Mukabi, aliyefariki 1963, ulitegemea mlio wa chupa ya Fanta inayogongwa. Kwenye nakala iliyochakaa, gitaa linasikika, chupa imebaki mchakacho.

Fundi wa kweli huanza na hesabu. Mkono na katriji ni kama matatu iliyopakia magunia ya mahindi: springi ikiwa laini mno kwa mzigo huo, itayumba. Jumlisha uzito halisi wa mkono unapotembea, katriji na skrubu, zidisha kwa ulaini wa sindano, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawanya 159 kwa jibu hilo. Mkono wa gramu 12 na katriji ya 7, ulaini ukiwa 12, hutoa mtikisiko wa karibu mara 10.5 kwa sekunde. Hiyo ni salama, maana panapotakiwa ni kati ya 8 na 12. Weka sindano yenye ulaini wa 35 na unashuka hadi 6, mahali penye mawimbi ya santuri iliyopinda juani na vishindo vya wachezaji. Hapo sindano huruka, na mtu hutafuta sarafu. Ndiyo maana Denon DL-103 ya Japani, iliyo ngumu, hudai mkono mzito, na Shure V15 ya mwaka 1964, iliyo laini, hudai mwepesi.

Pleya za kisanduku zinazouzwa siku hizi bado hukandamiza kwa takriban gramu 5. Kwa hiyo, msomaji wa Kimilili, Chwele au Kitale uliyerithi santuri za baba, usizijaribu kwenye kisanduku hicho. Nunua mizani ndogo ya sindano, tenga sindano ya 78 na ya 45, na ukizicheza mara ya kwanza, rekodi sauti hiyo papo hapo.