Kutoka Mizani ya Kahawa hadi Bungeni

Kabla ya wakoloni, Ihangiro, Kiziba, Kyamutwara na falme nyingine za Buhaya zilitawaliwa na wafalme walioitwa Bakama, na Waingereza wakaendelea kutawala kupitia kwao. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianzishwa mwaka 1926 bila Mwafrika hata mmoja. Wawili wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliingia Desemba 1945, wakiwa wameteuliwa na serikali, si kuchaguliwa na raia.

Buhaya ilijifunza siasa shambani. Mwaka 1937 wakulima walizipinga waziwazi kanuni za serikali juu ya utunzaji wa mibuni, na mwaka 1950 wakapata chama kikuu chao cha ushirika, BNCU. Hapo ndipo tunapokutana na George Kahama, mzaliwa wa Karagwe wa mwaka 1929, aliyesomea ushirika Uingereza kisha akawa meneja mkuu wa chama hicho. Naamini hakuna chuo kingine kilichomfaa zaidi. Aliyewahi kumweleza mkulima kwa nini malipo yake yamepungua hakosi neno mbele ya Gavana.

Uchaguzi wa 1958 na 1959 ulikuwa na sharti zito: kila mpiga kura achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. TANU, baada ya mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958, ilikubali kushiriki, ikashinda. Kahama aliingia Barazani, na mwaka 1959 akawa mmoja wa mawaziri wa kwanza waliotokana na wajumbe wa kuchaguliwa. Uhuru ulipofika, 9 Desemba 1961, Baraza liligeuka Bunge, naye akabaki waziri. Ujumbe wa mtawaliwa ulikuwa umekwisha. Ubunge wa raia ulikuwa umeanza.

Baadaye alikuwa balozi Bonn na Beijing, na kati ya vituo hivyo akasimamia ujenzi wa makao makuu Dodoma. Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, ikavirejesha kwa sheria ya 1982, na chini ya Rais Mkapa Kahama alipewa wizara ya ushirika na masoko, kazi ya ujana wake. Alifariki Machi 2017.

Njia ya bungeni imekwisha kupanuka. Mwaka 2010 Muleba Kusini ilimchagua Profesa Anna Tibaijuka, aliyetoka kuongoza shirika la makazi la Umoja wa Mataifa jijini Nairobi. Hata hivyo, kuanzia Bukoba hadi Muleba, mbunge akisimama jukwaani lazima ajibu kuhusu bei ya kahawa.