Kuuliza Duka kwa Simu

Wewe unayesoma maneno haya baada ya kuyasikia katika redio, soma polepole, na neno usilolifahamu mwulize jirani yako.

Leo tutasoma habari ya jambo dogo lenye historia ndefu. Fikiri kwamba umefika mji usioujua. Usiku mtoto ameshikwa na homa, nawe unatafuta duka la dawa. Simu unayo. Utamwuliza nani? Na huyo utakayemwuliza, kwa nini akujibu kweli? Mambo haya yalianza Marekani, na kwa hiyo tutakaa huko kwa muda.

Tarehe 28 Januari 1878, katika mji wa New Haven, kilifunguliwa kituo cha simu cha kwanza cha biashara, yaani mahali pa kuunganisha simu za watu waliolipa ada. Tarehe 21 Februari kituo hicho kikatoa orodha ya wenye simu. Ilikuwa karatasi moja tu, nayo ilikuwa na majina 50: madaktari, maduka, viwanda, polisi, posta, na watu wengine wa mji. Nambari haikuwamo hata moja. Nambari za nini? Mtu alichukua chombo chake, akamwambia karani wa simu, "Nipe duka la fulani," na karani akamwunganisha. Mtu asiyejua herufi hata moja aliweza kupiga simu sawasawa na mwalimu wa shule, maadam awe nayo hiyo simu. Na zamani zile simu ilikuwa ya wenye fedha.

Basi nambari zilitoka wapi? Zilitoka katika surua. Mwaka 1879 ugonjwa huo uliingia mji wa Lowell, katika jimbo la Massachusetts. Daktari mmoja, Moses Greeley Parker, aliona hatari. Makarani wa simu walikuwa wanne tu, nao ndio waliojua kwa kichwa waya wa kila mtu uko wapi. Wakiugua wote wanne, mji mzima utakuwa bubu. Akashauri kila mwenye simu apewe nambari, ili hata mgeni aweze kuifanya kazi ile. Shauri lilikuwa jema, na dunia nzima ililifuata. Lakini mwenye kutaka duka sasa alipaswa kujua nambari yake, na nambari ziliandikwa katika kitabu. Vitabu hivyo vikanenepa mwaka kwa mwaka. Mwaka 1886 Reuben H. Donnelley wa Chicago alianza kutoa kitabu kilichopanga biashara kwa aina zake, waokaji pamoja na waokaji, maseremala pamoja na maseremala. Ndiyo asili ya zile zilizoitwa kurasa za manjano. Kitabu kizuri sana, kwa anayejua kusoma.

Sasa nitakueleza habari ya Almon Strowger, nami naipenda kuliko zote za leo. Mtu huyu alikuwa Kansas City, na kazi yake ilikuwa kuandaa maziko: majeneza, magari ya kubebea maiti, na mengine ya namna hiyo. Inasimuliwa kwamba aliona wateja wanampungukia, na watu waliendelea kufa kama kawaida. Akachunguza. Inasemekana mke wa mshindani wake alikuwa karani katika kituo cha simu. Wafiwa walipopiga simu na kumtaka Strowger, mama yule aliwaunganisha na mumewe.

Kama habari yenyewe ilikuwa hivyo hasa au imeongezwa chumvi, jambo lililo wazi ni kwamba Strowger aliazimia kumwondoa karani kabisa. Alibuni mashine iliyounganisha simu yenyewe, na tarehe 10 Machi 1891 akapewa hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Novemba 1892 kituo cha kwanza cha namna hiyo kilifunguliwa La Porte, katika jimbo la Indiana. Mashine haina mume wala shemeji. Ukiipa nambari, inakupeleka kwenye nambari ile ile.

Lakini angalia kilichopotea. Mashine ya Strowger ilijua tarakimu tu. Huwezi kuiambia, "Mtoto anaumwa, nitafutie duka la dawa." Kwa hiyo makampuni ya simu yaliweka makarani wengine wa kujibu maswali. Huko Marekani watu wengi waliwapata kwa kupiga 411. Mwanzoni huduma hiyo ilikuwa bure. Baadaye ikawa ya kulipia, na katika simu za mkononi swali moja liliweza kugharimu zaidi ya dola moja.

Je, mashine yenyewe haiwezi kufundishwa kusikia? Wataalamu wa Bell Labs walijaribu zamani. Mwaka 1952 walionyesha mashine iliyoitwa Audrey, ndefu kama mtu aliyesimama. Iliweza kutambua tarakimu kutoka sifuri mpaka tisa, mradi msemaji awe yule iliyemzoea, na atue kidogo baada ya kila tarakimu. Akija mwingine, ilichanganyikiwa.

Ukitaka kujua sababu, jaribuni hapo darasani. Kila mtu aseme kwa zamu, "duka la dawa." Mzee atalisema kwa sauti nzito, msichana kwa sauti nyembamba, mwenye mafua kwa namna yake, na aliyetoka mbali kwa lafudhi ya kwao. Sikio lako linajua kwamba ni neno moja, kwa kuwa umesikia watu maelfu tangu utotoni. Kompyuta nayo yahitaji kusikia watu maelfu. Itawapata wapi?

Mwaka 2005 ilianza Marekani huduma ya kuuliza nambari bila malipo, iliyoitwa 1-800-FREE411. Malipo yake yalikuwa masikio yako: ulisikilizishwa tangazo la biashara kwanza, ndipo ukajibiwa. Mwaka 2007 kampuni ya Google ikaja na yake, GOOG-411, kwa watu wa Marekani, na baadaye Kanada. Hakukuwa na karani. Kompyuta ilikuuliza mji na jimbo, ukasema. Ikakuuliza jina la biashara au aina yake, ukasema, "Pizza," au "Fundi wa mabomba." Ikakusomea majina machache, ukachagua, nayo ikakuunganisha na duka lenyewe. Hukulipa senti, na tangazo hukusikia.

Hapo mfanyabiashara yeyote anauliza: faida iko wapi? Mwaka ule ule wa 2007 Marissa Mayer, mmoja wa wakubwa wa Google, alieleza waziwazi. Alisema kwamba hakuwa na hakika kama kazi ile italeta fedha. Walichotaka ni sauti za watu wengi wakisema maneno mengi, ili kompyuta ijifunze kugeuza usemi kuwa maandishi. Mpigaji alipata duka lake. Kampuni ilipata sauti yake. Mimi siuiti wizi, maana jambo lilisemwa hadharani. Hata hivyo nadhani wapigaji wengi waliotaka pizza hawakujua kuwa wanafundisha darasa.

Novemba 2008 Google walitoa huduma ya kutafuta habari kwa sauti katika simu ya iPhone, na tarehe 12 Novemba 2010 wakaifunga GOOG-411. Mwanafunzi alikuwa amekwisha jua kusikia Kiingereza cha Marekani.

Na Kiswahili? Agosti 2017 Google walitangaza kwamba simu zitaweza kuandika kwa kusikia lugha na lahaja 30 zaidi, na Kiswahili kilikuwamo. Walieleza pia jinsi walivyoifundisha kompyuta: waliwaomba wenye lugha wasome kwa sauti maneno ya kawaida, nao wakazichukua sauti zao. Wasome, walisema. Mama wa sokoni asiyejua kusoma, ambaye angefurahi kuliko wote kumwuliza karani kwa mdomo kama watu wa New Haven mwaka 1878, hakuweza kutoa sauti yake kwa njia ile.

Mwenye darasa, kabla hamjaondoka, rudieni lile jaribio la "duka la dawa," na safari hii kila mtu alisome neno hilo ubaoni. Sikilizeni kama sauti zenu ni zile zile. Kwaherini.