Nyoka Ndani ya Nyumba: Namna ya Kumtambua na Hatua za Kuchukua

Nyoka anapoonekana jikoni, stoo au chini ya kitanda, wakazi wengi hukimbilia fimbo au panga. Hapo ndipo hatari huongezeka, kwa sababu nyoka aliyebanwa kwenye kona na kuzibiwa njia ya kutokea hujitetea kwa kuuma. Nyoka hamwindi binadamu, na akiachiwa nafasi mara nyingi huondoka. Kumtambua kwa mbali, kumpa nafasi na kuita msaada ni hatua zinazookoa maisha zaidi kuliko fimbo.

Suala hili si dogo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka duniani. Kati yao, milioni 1.8 hadi 2.7 hupata madhara ya sumu na watu 81,000 hadi 138,000 hufariki. Mwaka 2017 shirika hilo liliingiza madhara ya sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele, na mwaka 2019 likazindua mkakati wa kupunguza kwa nusu vifo na ulemavu unaotokana nayo ifikapo mwaka 2030. Wanaoathirika zaidi ni wakulima, wafugaji na watoto wa vijijini.

Sababu za nyoka kuingia ndani

Nyoka huingia ndani kwa kufuata chakula, maji au mahali pa kujificha. Panya walio kwenye magunia ya nafaka, mijusi wa ukutani, vyura wanaokaa karibu na mitungi ya maji, pamoja na mayai na vifaranga vya kuku wanaolala ndani, vyote ni chakula cha nyoka wa aina mbalimbali. Nyumba yenye panya wengi ina kila sababu ya kutembelewa na nyoka.

Majira pia yana nafasi yake. Mvua za masika na vuli hujaza maji katika mashimo na vichuguu, hivyo nyoka hulazimika kutafuta mahali pakavu. Wakati wa jua kali, baadhi yao hufuata ubaridi wa sakafu ya saruji. Mwanya ulio chini ya mlango, tundu la bomba la maji machafu, paa la makuti lililoguswa na matawi ya mti na rundo la kuni lililoegemezwa ukutani ni njia zao za kawaida.

Dakika za kwanza

Anayemwona nyoka ndani ya nyumba anashauriwa kusimama, kisha kurudi nyuma taratibu na kuwatoa watoto, wazee na wanyama wa kufugwa. Umbali wa mita nne au tano ni salama zaidi, kwa kuwa swila huweza kurusha sumu hadi mita mbili au tatu, akilenga macho.

Baada ya hapo mlango wa chumba alimo nyoka ufungwe na mwanya wa chini uzibwe kwa nguo. Iwapo chumba kina mlango unaofunguka nje, uachwe wazi ili nyoka apate pa kutokea. Mtu mmoja abaki akimwangalia kwa mbali, kwani nyoka aliyepotea machoni huwatia hofu wakazi kuliko aliyeonekana. Picha ya simu iliyopigwa kwa mbali humsaidia mtaalamu kumtambua, lakini mtu asimsogelee nyoka kwa ajili ya kupata picha.

Dalili za nyoka asiyeonekana

Wakati mwingine kinachopatikana ni gamba tu. Nyoka hujivua gamba, na mara nyingi hutoka likiwa zima, kuanzia mdomoni hadi mkiani, pamoja na utando mwembamba uliofunika macho. Mjusi hujivua vipande vipande, na gamba lake huweza kuonyesha alama za miguu. Gamba la nyoka hunyooka wakati wa kuvuliwa, hivyo huwa refu kuliko nyoka mwenyewe, na urefu wake usichukuliwe kuwa kipimo kamili. Gamba likipatikana, chumba kikaguliwe mchana kwa kutumia tochi na fimbo ndefu, si kwa kupenyeza mkono.

Alama zinazopotosha

Ziko imani kadhaa kuhusu kumtambua nyoka mwenye sumu ambazo hazifai kutegemewa. Ya kwanza ni umbo la kichwa. Kifutu ana kichwa kipana chenye pembe tatu, lakini koboko, ambaye sumu yake ni kali mno, ana kichwa chembamba na kirefu. Zaidi ya hayo, baadhi ya nyoka wasio na madhara hutanua vichwa vyao wanapotishwa.

Ya pili ni mboni ya jicho. Wapo wanaosema kuwa mboni iliyosimama kama ya paka ni dalili ya sumu na mboni ya mviringo ni dalili ya usalama. Swila na koboko wana mboni za mviringo, ilhali nyoka wa nyumbani wa rangi ya kahawia, asiye na sumu, ana mboni iliyosimama. Isitoshe, anayeweza kuona mboni ya nyoka vizuri tayari yuko karibu naye mno.

Ya tatu ni rangi. Koboko mara nyingi ni wa kijivu au kahawia iliyofifia, na weusi wake uko ndani ya kinywa. Rangi ya kijani nayo hupatikana kwa nyoka wa hatari na wasio wa hatari. Utambuzi wa kuaminika hutokana na kuunganisha dalili kadhaa: unene, urefu, michoro ya mgongoni, mahali alipoonekana na namna anavyojitetea.

Wasio na sumu ya kumdhuru binadamu

Nyoka wa nyumbani wa rangi ya kahawia ni miongoni mwa wanaokutwa mara kwa mara ndani ya nyumba. Ana mistari miwili myeupe au ya manjano hafifu kila upande wa kichwa, mmoja ukipita kwenye jicho. Hutembea usiku, hula panya na mijusi, na hana sumu.

Nyoka vipofu ni wadogo, wanaong'aa, na ncha zao mbili hufanana kiasi cha kuwafanya watu waamini kuwa wana vichwa viwili. Imani hiyo ndiyo iliyozaa jina la ndumilakuwili, ambalo leo hutumika zaidi kwa mtu mnafiki. Nyoka hawa huishi ardhini, hula mchwa na siafu pamoja na mayai yao, na hujitokeza baada ya mvua.

Mla mayai ni nyoka mwembamba anayemeza yai zima na kulivunjia kooni. Akitishwa hujikunja na kusugua magamba yake hadi yakatoa sauti ya mkwaruzo inayofanana na ya nyoka wa hatari, ingawa hana sumu.

Chatu hana sumu, ila ukubwa wake ni hatari kwa mifugo na watoto. Asishikwe wala kusogelewa na mtu asiye na mafunzo.

Wenye sumu ya hatari

Swila huweza kuzidi mita moja na nusu, na akitishwa huinua sehemu ya mbele ya mwili na kutanua shingo. Hutembea sana usiku akifuata panya, kuku na mayai, na watu kadhaa huumwa naye wakiwa wamelala chini. Sumu yake huvimbisha na kuozesha nyama karibu na jeraha. Ikiingia machoni husababisha maumivu makali na huweza kuleta upofu isiposafishwa.

Kifutu ni mfupi na mnene, kwa kawaida hazidi mita 1, na mgongoni ana michoro inayofanana na herufi V. Tabia yake ya kutulia bila kukimbia hufanya akanyagwe kwa urahisi gizani. Hutoa sauti nzito ya kuvuta na kutoa pumzi kabla ya kuuma. Sumu yake husababisha uvimbe mkubwa, malengelenge na wakati mwingine kutokwa na damu.

Koboko hufikia mita mbili hadi tatu, ni mwepesi na hupanda miti na paa. Ndugu yake wa rangi ya kijani hupatikana hasa ukanda wa pwani, katika miembe, mikorosho na minazi, na huingia kwenye paa za makuti. Sumu za wawili hawa hushambulia mishipa ya fahamu: kope huanguka, ulimi huwa mzito, kisha kupumua hushindikana. Nyoka wa kijani wasio na madhara hufanana na huyu, hivyo kila nyoka wa kijani aliye ndani ya nyumba achukuliwe kuwa wa hatari.

Yupo pia nyoka mdogo mweusi wa ardhini ambaye meno yake ya sumu hutokeza kwa upande hata kinywa kikiwa kimefungwa. Kwa sababu hiyo, hakuna namna salama ya kumshika kwa vidole, hata nyuma ya kichwa. Wengi wanaoumwa naye ni wale waliomdhania kuwa nyoka kipofu. Nyoka mdogo asishikwe kwa kuwa tu ni mdogo.

Mtu akiumwa

Familia nyingi hupoteza muda kumsaka nyoka ili apelekwe hospitalini pamoja na mgonjwa. Jambo hilo si la lazima, na linaweza kuongeza majeruhi, kwani hata kichwa cha nyoka aliyekufa huweza kuuma kwa muda baada ya kukatwa. Daktari huongozwa na dalili za mgonjwa: uvimbe, kutokwa na damu, kope kuanguka au kupumua kwa shida. Kipo pia kipimo rahisi ambapo damu huwekwa katika chupa safi ya kioo kwa dakika 20 ili kuona kama inaganda. Maelezo ya umbo na rangi ya nyoka, au picha iliyopigwa kwa mbali, yanatosha kumsaidia mtaalamu.

Mgonjwa atulizwe, alazwe na asitembee. Pete, bangili, saa na viatu vivuliwe kabla uvimbe haujaanza. Kiungo kilichoumwa kifungwe kwenye kipande cha ubao au fimbo ili kisichezeshwe, bila kukazwa. Akisafirishwa kwa pikipiki, akae katikati na mtu wa kumshika nyuma. Muda wa kuumwa uandikwe, na kituo cha afya kipigiwe simu mapema ili kujua kama kina dawa ya sumu ya nyoka au mgonjwa apelekwe moja kwa moja hospitali kubwa. Dawa hiyo hutolewa na wahudumu wa afya pekee, kwa kuwa huweza kusababisha mzio mkali.

Jeraha lisichanjwe, lisinyonywe na lisifungwe kamba ya kukaza. Mgonjwa asipewe pombe wala aspirini. Jiwe la nyoka, ambalo bado linaaminiwa katika maeneo mengi, haliondoi sumu iliyokwisha kuingia mwilini. Sifa yake inatokana na ukweli kwamba, kwa makadirio ya WHO yaliyotajwa hapo juu, nusu au zaidi ya walioumwa hawapati madhara ya sumu. Hao wangepona hata bila jiwe. Aliyeingiwa na sumu akisubiri jiwe hupoteza saa ambazo dawa ingemsaidia.

Sumu ikirushwa machoni, macho yaoshwe mara moja kwa maji mengi safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, bila kuyasugua, kisha mgonjwa apelekwe kituo cha afya.

Kinga

Kinga huanza kwa kuondoa panya. Nafaka ihifadhiwe katika vyombo vyenye mifuniko, mabaki ya chakula yafagiliwe kabla ya kulala, na banda la kuku litenganishwe na vyumba vya kulala. Kuni, matofali na mabati yawekwe mbali na ukuta, nyasi zifyekwe na matawi yanayogusa paa yakatwe. Mianya ya milango na matundu ya mabomba izibwe kwa mpira, saruji au wavu.

Usiku tochi itumike hata kwa safari fupi ya chooni, na viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Kulala kitandani ni salama kuliko sakafuni. Chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro au mkeka, ambacho kaya nyingi tayari zinacho kwa ajili ya malaria, humzuia pia nyoka.

Sheria na msaada

Nyoka ni sehemu ya wanyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa yeyote anayekamata, kufuga au kufanya biashara ya wanyamapori. Chatu wamo pia katika mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini (CITES). Anayemwona nyoka nyumbani asimkamate kwa nia ya kumfuga au kumuuza.

Wananchi wanashauriwa kutoa taarifa kwa ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji, kwa ofisa wanyamapori wa halmashauri, au kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Kwa dharura inayohitaji uokoaji, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114 bila malipo. Mtoa taarifa aeleze mahali nyumba ilipo, chumba alimo nyoka, ukubwa na rangi yake, na kama kuna mtu aliyeumwa. Iwapo yupo, mgonjwa asafirishwe kwanza. Nyoka ashughulikiwe baadaye.