KUSIMAMIA KAZI, KUSIMAMIA WATU: Usimamizi wa ujenzi na hali njema ya wafanyakazi katika historia ya Kongo

1. Utangulizi

Neno usimamizi limetokana na kitenzi kusimama. Anayesimamia kazi ni yule aliyesimama wima huku wenzake wameinama. Lakini twasema pia kwamba mtu amewasimamia mayatima, au ameisimamia haki, maana yake amejitwika dhamana juu yao. Lugha yetu, basi, imeweka ndani ya neno moja mambo mawili ambayo historia ya kazi nchini Kongo imeyatenganisha mara nyingi: amri na dhamana.

Siku hizi vyuo vikuu vingi duniani vinafundisha usimamizi wa ujenzi kama taaluma kamili, na tawi lake mojawapo huchunguza afya, usalama na hali njema ya wafanyakazi. Huenda msomaji akadhani kwamba tawi hilo ni geni kwetu. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kinyume chake. Tutapitia vituo vitatu: reli ya Matadi (1890–1898), uchunguzi wa kazi ya uashi uliofanywa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na kambi za wafanyakazi za Katanga hadi mgomo wa Desemba 1941. Swali linalotuongoza ni moja: je, kuuhifadhi mwili wa mfanyakazi kunatosha kutufanya tuseme kwamba ana hali njema?

2. Reli ya Matadi: kuhesabu reli bila kuhesabu watu

Mto Kongo hauwezi kupitwa na meli kati ya Kinshasa na Matadi kwa sababu ya maporomoko. Kabla ya reli, kila mzigo ulibebwa kichwani na wapagazi kupitia milima ya Kongo ya Chini. Ndiyo maana, mwaka 1889, kampuni ya reli ya Kongo iliundwa huko Ubelgiji chini ya uongozi wa Albert Thys, na mwaka uliofuata kazi ikaanza Matadi.

Mwanzo ulikuwa mgumu kupita kiasi. Njia ilibidi ichongwe katika mwamba ubavuni mwa mlima, juu ya mto Mpozo, kisha ipande milima ya Palabala. Kufikia mwisho wa mwaka 1892 zilikuwa zimejengwa kilomita chache tu. Wafanyakazi waliletwa kutoka pwani ya Afrika ya Magharibi, wengine visiwa vya Karibi, na mwaka 1892 wakaletwa Wachina wapatao 540. Kati ya hao Wachina, watu wapatao 300 ama walikufa, ama walitorokea porini. Malaria, ndui, kuhara damu na beriberi viliwaua wafanyakazi kwa wingi, na wale waliosalia walikaa chini ya mijeledi ya walinzi wa kampuni. Mara kadhaa walikataa kazi. Wengine walikimbilia bandarini wakitaka kupanda meli warudi makwao.

Reli ilikamilika mwaka 1898, ikiwa na urefu wa karibu kilomita 390. Hesabu rasmi ya kampuni ilitaja wazungu 132 na watu wengine 1,800 waliokufa, na wanahistoria wengi huona kwamba hesabu hiyo ni pungufu. Tazama jinsi tarakimu zenyewe zinavyosema: 132 ni tarakimu ya watu waliohesabiwa mmoja mmoja, bali 1,800 ni tarakimu iliyokunjwa hadi mamia. Mtu anayehesabiwa kwa mamia huhesabiwa kama mataruma ya reli.

Inafaa tuitazame beriberi kwa karibu. Huo si ugonjwa wa hali ya hewa; ni ugonjwa wa chakula kilichopungukiwa na vitamini B1. Mjenzi aliyekufa kwa beriberi hakuuawa na nchi ya Kongo, kama ilivyodaiwa kuhusu vifo vingi vya wakati ule. Aliuawa na posho yake. Na posho ni jambo la usimamizi: kuna aliyeinunua, aliyeipima, na aliyeamua kwamba inatosha.

3. Mwashi chini ya jicho la mtaalamu

Wakati reli ya Matadi inajengwa, kijana mmoja wa Marekani, Frank Gilbreth, alikuwa akijipatia riziki kwa ujenzi. Aliingia kazini mwaka 1885, akiwa na umri wa miaka 17, kujifunza uashi. Akaona jambo ambalo kila fundi wa Lubumbashi analijua: mwashi hujipinda mpaka chini kuokota tofali, hulipindua mkononi kutafuta uso wake mzuri, kisha huinuka na kulilaza. Kila tofali humgharimu kuinua uzito wa kiwiliwili chake mwenyewe.

Gilbreth alipokuwa mkandarasi, alitengeneza jukwaa lililopandishwa kadiri ukuta ulivyopanda, ili matofali na chokaa vikae usawa wa kiuno. Vibarua wa ujira mdogo walipewa kazi ya kuyapanga matofali mapema, nyuso zao nzuri zikiwa upande mmoja. Hatua 18 za kulaza tofali moja zikapungua hadi tano hivi. Frederick Taylor, katika kitabu chake cha mwaka 1911 kuhusu usimamizi wa kisayansi, aliandika kwamba mwashi aliyefuata njia hiyo alilaza matofali 350 kwa saa mahali pa 120.

Mkewe, Lillian Gilbreth, aliyekuwa mtaalamu wa saikolojia, aliupeleka uchunguzi huo mbele zaidi. Mwaka 1916 wao wawili walitoa kitabu kizima kuhusu uchovu kazini. Walidai kwamba uchovu usio wa lazima ni hasara kwa mtu na kwa kazi pia, na kwamba kiti, pumziko na mwanga vinastahili kuchunguzwa kama vile mashine. Hapo tunaweza kusema kwamba usimamizi wa ujenzi na hali njema ya mjenzi vilikutana katika maandishi ya kitaalamu.

Hata hivyo, mafundi wengi hawakushangilia. Hawakukataa kupumzisha migongo yao. Waliuliza: tukilaza matofali karibu mara tatu, je, mshahara nao utapanda mara tatu? Na nani ameamua kwamba njia moja tu ndiyo bora? Mtaalamu alikuwa ameupima mkono wa mwashi, lakini hakuwa amemwuliza mwashi mwenyewe. Maswali hayo tutayakuta tena Katanga.

4. Kambi za Katanga: mwili uliohifadhiwa

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa Lubumbashi. Kisha reli ikaendelea hadi Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 ikaunganishwa na Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo. Migodi, viwanda, reli na mji: vyote vilijengwa kwa wakati mmoja, na vyote vilihitaji mikono.

Katika miaka ya kwanza mikono hiyo ilipatikana kwa mikataba ya miezi michache. Ofisi ya kuandikisha wafanyakazi, Bourse du Travail du Katanga, ilianza mwaka 1910. Watu walitoka Rodesia ya Kaskazini, Lomami, Kasai na, baadaye, Ruanda-Urundi. Walifika wamechoka na safari, wakalala wengi katika nyumba mbovu, na vichomi na kuhara vikawaangamiza. Aliyepona alirudi kwao mara tu alipoanza kuijua kazi.

Kuanzia mwaka 1928 hivi kampuni ilibadili siasa yake. Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu. Mfanyakazi alishauriwa kuja na mkewe, au kuoa. Kambi zikajengwa kwa mistari iliyonyooka, zikapewa maji, zahanati, nyumba za kujifungulia na shule zilizosimamiwa na wamisionari. Posho iligawiwa kwa kila juma, ikapimwa kwa mfanyakazi, mke na watoto. Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa siasa hiyo, aliieleza katika kitabu kilichotolewa mwaka 1946. Matokeo yake hayapingiki: vifo vilipungua sana, na watoto wakazaliwa kambini, wakakua wakizungumza Kiswahili.

Yafaa tumpe kila mtu haki yake. Kati ya beriberi ya Matadi na zahanati ya Lubumbashi kuna tofauti kubwa, nayo ni tofauti ya uhai na mauti. Lakini hesabu iliyoongoza zahanati ilikuwa bado hesabu ya kampuni. Mfanyakazi anayeijua kazi ni ghali kumpoteza. Kwa hiyo atunzwe. Dhiki ya uchumi ilipoanza mwaka 1929 na bei ya shaba ikaanguka, maelfu ya wafanyakazi walirudishwa vijijini. Mtu aliyetunzwa kama mali huachwa kama mali pindi soko likianguka.

Msamiati wa kambi unaonyesha jambo hilo. Kapita, neno lililotokana na Kireno, ndiye aliyesimama kati ya mzungu na kundi la kazi. Posho ilishuka kutoka juu, haikujadiliwa. Kibarua, neno lililotokana na barua, lilikuwa karatasi ndogo ya kazi ya siku moja, kisha likawa jina la mtu mwenyewe. Katika maneno hayo yote hatuoni lile lililomruhusu mfanyakazi kusema: mimi naona hivi.

5. Desemba 1941

Vita vya Pili vya Dunia viliongeza haja ya shaba na bati. Kazi ikazidi, bei za bidhaa zikapanda, mshahara ukabaki nyuma. Wafanyakazi wazungu walijiunga katika chama na kudai nyongeza. Wafanyakazi Waafrika, ambao hawakuruhusiwa kuwa na chama, walidai nyongeza pia. Mwezi Desemba 1941 mgomo ulienea Jadotville na Elisabethville. Tarehe 9 Desemba, katika kiwanja cha mpira cha Lubumbashi, askari waliufyatulia risasi umati wa wagomaji. Léonard Mpoyi, aliyekuwa msemaji wao, aliuawa, pamoja na makumi ya wengine.

Mauti hayo hayakutokea katika kambi chafu ya mwaka 1912. Yalitokea miaka 13 baada ya siasa mpya kuanza, mahali ambapo watu walikuwa na nyumba, dawa na posho. Waliokusanyika kiwanjani walikuwa na afya njema kuliko baba zao. Walichokosa ni sauti, na walipoitoa, walijibiwa kwa bunduki. Jibu la swali letu limo hapo: mwili uliohifadhiwa si hali njema kamili, maana hali njema ambayo mtu hupewa bila kuulizwa huweza kunyang'anywa bila kuulizwa. Haki ya Waafrika kuunda vyama vya wafanyakazi ilikubaliwa mwaka 1946, ikiwa bado na masharti mengi.

6. Mafunzo kwa utafiti wetu

Historia hii haijafungwa. Gécamines, mrithi wa Union Minière, iliwaachisha kazi zaidi ya watu 10,000 katika miaka ya 2003 na 2004, na familia nyingi zikapoteza hospitali na shule pamoja na mshahara. Hali njema ilikuwa imefungamana na kampuni badala ya kufungamana na haki ya raia.

Kwa upande wa sheria, Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwaka 1988 mkataba nambari 167 kuhusu usalama na afya katika ujenzi, na mwaka 2022 likaweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi za kazi. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inasema kwamba kibarua wa kutwa aliyekwisha kufanya siku 22 katika muda wa miezi miwili, akiandikwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, huhesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo. Ni sheria nzuri. Lakini msimamizi anayemwondoa kibarua siku ya 21 ameijua vizuri kuliko kibarua mwenyewe, hasa ikiwa imeandikwa katika lugha asiyoisoma.

Hapo ndipo idara zetu za Kiswahili zina kazi. Mwaka 1965 watumishi wa nyumbani wa Elisabethville walitoa kwa Kiswahili historia ya mji wao, Vocabulaire de ville de Elisabethville, iliyoandikwa na André Yav. Hawakungoja mtaalamu awasemee. Wanafunzi wetu wanaweza kwenda kwa waashi, maseremala na wabeba zege wa leo, wakawasikiliza wakieleza kwa maneno yao wenyewe maana ya uchovu, hatari, heshima na malipo. Na sheria ya kazi itafsiriwe katika Kiswahili kinachoeleweka penye jukwaa la ujenzi.

7. Tamati

Matadi palihesabiwa reli. Marekani palipimwa mkono wa mwashi. Katanga palipimwa posho ya nyumba nzima. Kila hatua iliongeza ujuzi juu ya mfanyakazi, na hatua mbili za mwisho ziliokoa nguvu na uhai. Lakini katika zote, anayejua alikuwa mmoja na anayejulikana alikuwa mwingine. Utafiti utakaostahili jina la hali njema ni ule ambao mjenzi mwenyewe ni mmoja wa wanaojua. Ndipo kusimamia kazi na kuwasimamia watu kutakaporudi kuwa neno moja.