Mavazi ya michezo katika shule za msingi
Katika shule nyingi za msingi nchini, siku yenye kipindi cha mazoezi ya viungo mwanafunzi hutoka nyumbani akiwa amevaa traksuti, fulana na raba badala ya sare ya kawaida. Shule nyingi za umma hazina vyumba vya kubadilishia mavazi, na msichana hawezi kuvua rinda mbele ya darasa zima. Ingawa karo ilifutwa katika shule hizo mwaka 2003, sare ilibaki mzigo wa mzazi, na traksuti yenye rangi za shule ni sare ya pili. Asiye nayo huenda akaachwa kando ya uwanja akilinda mabegi ya wenzake, ilhali kaptura na fulana yoyote vingemtosha kukimbia.