Vyuo vya sayansi tumizi Ulaya: Safari ndefu kutoka mabano hadi uzamifu

Kwa miaka mingi nchini Ujerumani, wahandisi wawili wangeweza kufanya kazi katika karakana moja na kupokea maagizo kutoka kwa msimamizi mmoja, lakini vyeti vyao visiwe sawa. Aliyesomea chuo kikuu aliandikiwa neno Diplom pasi na nyongeza yoyote. Mwenzake aliyehitimu kutoka Fachhochschule aliandikiwa neno lilo hilo, lakini likafuatwa na herufi F na H ndani ya mabano. Mabano hayo yalikuwa na uzito wake. Katika utumishi wa serikali, mwenye mabano aliajiriwa katika ngazi ya chini kuliko mwenzake na kulipwa kwa mujibu wa ngazi hiyo. Nao mlango wa masomo ya uzamifu aliukuta umefungwa, au ukiwa wazi kwa masharti mazito.

Namna mabano hayo yalivyofutwa, na yale ambayo kufutwa huko hakukuyatatua, ni sehemu kubwa ya historia ya elimu ya juu tumizi barani Ulaya. Elimu hiyo hutolewa na vyuo vinavyowaandaa wahandisi, wauguzi, wahasibu, walimu na maafisa wa ustawi wa jamii kwa kuchanganya nadharia ya darasani na mazoezi kazini. Wajerumani, Waaustria na Waswisi huviita Fachhochschule, Waholanzi huviita hogeschool, nao Wafini huviita ammattikorkeakoulu. Wengi wao wanapojitangaza nje ya mipaka yao hutumia jina linaloweza kufasiriwa kama vyuo vikuu vya sayansi tumizi. Jina lenyewe ni sehemu ya ugomvi.

Chanzo chake ni miaka ya 1960, wakati viwanda vilihitaji mafundi wa ngazi ya juu kwa wingi ambao vyuo vikuu vya jadi havikuweza kutosheleza. Nchini Uingereza, Waziri wa Elimu Anthony Crosland alitoa hotuba mjini Woolwich mnamo Aprili 1965, akatangaza mfumo wa mikondo miwili: vyuo vikuu vinavyojitawala upande mmoja, na upande wa pili vyuo vya umma vyenye kuitikia mahitaji ya kazi na jamii. Hapo ndipo vyuo anuwai takriban 30 vilipozaliwa. Vyenyewe havikuwa na mamlaka ya kutoa shahada. Shahada zao zilitolewa na baraza la kitaifa lililoundwa mwaka 1964.

Ujerumani ilifuata kwa njia tofauti. Huko wanafunzi wa shule za uhandisi waligoma na kuandamana, wakilalamika kwamba vyeti vyao havikuwa na hadhi ya elimu ya juu na kwamba huenda visitambuliwe katika nchi nyingine za Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya. Mnamo Oktoba 31, 1968, viongozi wa majimbo walitia saini makubaliano ya kuanzisha Fachhochschule. Msomaji atambue kwamba tangu mwanzo, hofu ya kukataliwa ng'ambo ya mpaka ilichangia kuzaliwa kwa vyuo hivi. Ushirikiano wa Ulaya haukuja baadaye kama pambo.

Nchi nyingine zilijiunga na msafara huo kila moja kwa wakati wake. Ireland ilifungua vyuo vyake vya kwanza vya kiufundi vya mikoa mwaka 1970. Uholanzi ilianza mwaka 1983 kuunganisha mamia ya vyuo vidogo vidogo, hata vikasalia chini ya 100. Ufini ilianza majaribio mwaka 1991, Austria ikapitisha sheria mwaka 1993 na Uswisi mwaka 1995.

Tofauti kati ya vyuo hivi na vyuo vikuu haiko katika jina pekee. Nchini Ujerumani, anayetaka kuwa profesa katika chuo cha sayansi tumizi hutakiwa kwa kawaida kuwa amefanya kazi ya taaluma yake kwa muda usiopungua miaka mitano, mitatu kati ya hiyo ikiwa nje ya chuo. Sharti hilo huwaleta darasani watu wanaokijua kiwanda kwa ndani. Lakini profesa huyo hufundisha takriban saa 18 kwa wiki, ilhali mwenzake wa chuo kikuu hufundisha saa tisa au chini yake. Aghalabu hana kundi la wasaidizi wa utafiti. Wanaovibeza vyuo hivi kwa uhaba wa utafiti husahau hesabu hiyo, na ni vigumu kuelewa ni kwa nini.

Uingereza ilikata shauri mapema. Sheria ya mwaka 1992 iliviruhusu vyuo anuwai kujiita vyuo vikuu na kutoa shahada zao wenyewe, na mikondo miwili ikawa mmoja. Mkondo huo ulifika pia humu nchini. Kenya Polytechnic, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1961 enzi za ukoloni wa Mwingereza, ilifanywa chuo kikuu kishiriki mwaka 2007 sawia na Mombasa Polytechnic. Mwaka 2013 vyote viwili vilipewa hati ya kuwa vyuo vikuu kamili. Mjadala uliozuka hapa, kuhusu nani angebaki kuwafunza mafundi wa stashahada, Waingereza walikuwa wameuanza miongo miwili kabla.

Kwingineko Ulaya, mabadiliko makubwa yalitokana na azimio lisilokuwa hata sheria. Mnamo Mei 1998 mawaziri wa Ufaransa, Ujerumani, Italia na Uingereza walikutana Sorbonne, Paris, na Juni 19, 1999, mawaziri wa nchi 29 wakatia saini Azimio la Bologna nchini Italia. Azimio hilo si mkataba, na hakuna mahakama inayoweza kuishtaki nchi kwa kulikiuka. Hata hivyo, liliwataka watiaji saini kuwa na ngazi zinazolingana za shahada na kuhesabu masomo kwa krediti. Mwaka mmoja wa masomo una krediti 60, na kila krediti ni kati ya saa 25 na 30 za kazi ya mwanafunzi, iwe ni mhadharani, maktabani au kwenye mazoezi.

Hesabu hiyo ya saa inaonekana kama jambo la makarani, lakini ndiyo iliyotikisa ukuta. Ikiwa shahada inapimwa kwa kazi aliyoifanya mwanafunzi na maarifa aliyoyapata, haijalishi tena kama aliyapata chini ya paa la chuo kikuu au la Fachhochschule. Shirika la vyuo vya mkondo huu, EURASHE, lililoasisiwa mjini Patras, Ugiriki, mwaka 1990, lilitajwa katika mkutano wa mawaziri wa Prague mwaka 2001 kuwa miongoni mwa wanaopaswa kushauriwa. Mnamo Oktoba 2003 mawaziri wa elimu wa majimbo ya Ujerumani waliamua kwamba majina ya shahada mpya yasitofautishwe kwa aina ya chuo. Katika shahada hizo, mabano yakatoweka.

Yalitoweka katika karatasi kwanza. Mwenye shahada ya uzamili kutoka Fachhochschule aliendelea kuwekewa sharti la ziada alipoomba kuingia ngazi ya juu ya utumishi wa serikali, hadi makubaliano ya mwaka 2007 yalipoliondoa. Ufini ilichagua njia yake: shahada ya uzamili katika vyuo hivi, iliyothibitishwa mwaka 2005 baada ya majaribio, humtaka mwombaji awe amefanya kazi kwanza baada ya shahada yake ya awali. Huenda huo ndio mfano bora zaidi wa usawa usiohitaji kuiga, kwani uzamili huo haujifanyi kuwa wa chuo kikuu na haukionei haya kiwanda ulikotoka.

Ukuta uliobaki ni wa uzamifu. Mkutano wa Bergen, Norway, mwaka 2005 uliidhinisha mfumo wa ngazi tatu, uzamifu ukiwa wa tatu, na papo hapo swali likaulizwa: je, vyuo vinavyofundisha ngazi mbili za kwanza vitaishia hapo? Vyuo vikuu vingi hujibu kwamba uzamifu ni mafunzo ya utafiti na hauwezi kutolewa na asasi isiyo na mazingira ya utafiti. Vyuo vya sayansi tumizi hujibu kwamba mazingira hayo hayawezi kujengwa na asasi inayolazimika kuwapeleka wanafunzi wake bora kwa jirani kila wanapokomaa. Kila upande una ukweli wake, na kila upande una bajeti ya kulinda.

Majibu ya serikali yametofautiana. Chuo cha Fulda, katika jimbo la Hesse, kilikuwa cha kwanza cha aina yake Ujerumani kupewa haki ya kutoa uzamifu, mwaka 2016, lakini katika taaluma iliyothibitisha uwezo wake wa utafiti pekee. Jimbo la North Rhine-Westphalia halikutoa haki hiyo kwa chuo kimoja kimoja. Mwaka 2022 liliipa taasisi ya pamoja ya vyuo hivyo. Ireland ilipitisha sheria ya vyuo vikuu vya kiteknolojia mwaka 2018, na cha kwanza kikazinduliwa Dublin Januari 2019 kwa kuunganisha taasisi tatu. Ureno iliviruhusu vyuo vyake anuwai kutoa uzamifu kwa sheria ya mwaka 2023. Mwaka huo huo Uholanzi ilianza majaribio ya uzamifu wa kitaaluma, tofauti na ule wa kawaida, ambapo mtahiniwa hutatua tatizo halisi la kazini. Uswisi imekataa kutoa haki hiyo kwa vyuo vyake, nayo Ugiriki ilimaliza ubishi kwa kuvimeza vyuo vyake vya kiteknolojia ndani ya vyuo vikuu kati ya mwaka 2018 na 2019.

Katika vita hivi vya hadhi, uamuzi mmoja ulipita bila kelele nyingi. Mkutano wa Paris wa mwaka 2018 ulikubali kozi fupi za elimu ya juu, zenye krediti takriban 120, kuwa ngazi inayojitegemea katika mfumo wa pamoja. Kozi hizo za miaka miwili ndizo zinazowafaa wengi wasio na uwezo wa kukaa chuoni miaka mitano. Hazina mvuto wa joho jekundu la uzamifu, na pengine ndiyo sababu hazikupiganiwa wala kupingwa sana.

Ushirikiano nao umechukua sura mpya. Baada ya Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa kupendekeza mnamo Septemba 2017 kuundwa kwa vyuo vikuu vya Ulaya, Umoja wa Ulaya ulianza kufadhili miungano ya vyuo kutoka nchi mbalimbali, 17 ya kwanza ikichaguliwa mwaka 2019. Kufikia mwaka 2020, chuo cha sayansi tumizi cha St. Pölten, Austria, na chuo anuwai cha Leiria, Ureno, kila kimoja kilikuwa kikiongoza muungano wake. Machi 2024 Tume ya Ulaya ilitoa mapendekezo ya shahada ya pamoja ya Ulaya.

Kwa mwajiri anayepokea vyeti kutoka huko, ikiwemo wa Nairobi au Mombasa, karatasi ya kuangaliwa ni ile inayoambatanishwa na shahada. Mawaziri waliokutana Berlin mwaka 2003 waliazimia kwamba kila mhitimu apewe kiambatisho hicho bila malipo kuanzia mwaka 2005. Kina sehemu nane, na hueleza ngazi ya shahada, masomo yaliyofanywa na mfumo wa elimu wa nchi husika. Sehemu ya pili, pamoja na mambo mengine, hutaja jina la chuo kilichotoa shahada na aina yake.